Sista wa Saa Tano

Miaka sita nilikaa naye meza moja karibu kila Jumapili, na sikumbuki hata siku moja nilipomwona ameegemea kiti. Alikaa ukingoni, mkoba mapajani, magoti yakielekea barabarani, kama mtu aliyeambiwa jina lake litaitwa sasa hivi. Tulimwita Sista, kama wauguzi wanavyoitwa kwetu, ingawa alikuwa amestaafu kabla hatujaanza kukutana naye pale. Kwenye sweta lake la kijivu bado alibandika ile saa ndogo ya wauguzi inayoning'inia kichwa chini. Kila baada ya dakika chache aliiinua kwa vidole viwili, akaisoma, akaiachia.

"Mimi naenda," alisema.

Kisha akaagiza chapati nyingine.

Mahali penyewe ni hoteli ndogo ya Nyakoe, mabati juu, meza sita zilizotandikwa plastiki ya maua, na veranda inayotazama barabara. Sisi tulikuwa marafiki wanne tuliosoma pamoja shule ya upili, tukatawanyika, halafu kazi zikaturudisha huku. Moraa alikuwa na duka la dawa mjini Kisii. Kerubo na mimi tulifundisha shule moja upande wa Nyamira. Onchari alikuwa afisa wa maji, mwenye maneno mengi na moyo mwepesi kuumia. Yeye na Moraa ni Wakatoliki, walitoka misa ya kwanza wakiwa na njaa. Kerubo na mimi ni Wasabato, ibada yetu ilikuwa imeisha jana yake, na Jumapili ilitukuta hatuna pa kuweka mikono. Basi saa tano ndipo tulipokutana. Haikuwa chai ya asubuhi wala chakula cha mchana. Tulikula vyote viwili kwa pamoja. Matoke kwa nyama, mayai, chapati, chinsaga, ile mboga chungu ya kwetu, iliyolazwa kwenye maziwa mpaka uchungu ukapungua, na maparachichi ambayo mwenye hoteli aliyakata mbele yetu ili tuone hayajaoza.

Sista aliingia maishani mwetu siku ya mvua. Veranda ilijaa, akasimama mbele yetu maji yakimchuruzika, akauliza kama kiti cha tano kina mtu. Kabla hatujajibu alikuwa ameketi. Alichukua kipande cha parachichi kwenye sahani yangu, akakitia chumvi, halafu akaniangalia kwa muda mrefu.

"Wewe ni yule aliyeniuma," akasema.

Ilikuwa kweli. Nilikuwa na miaka mitano, mama amenipeleka zahanati ya Magwagwa kupigwa sindano, nikamuuma muuguzi mkono. Nilichokuwa nakumbuka ni meno yangu na sweta tu. Uso wake sikuukumbuka hata kidogo. Yeye alikunja mkono wa sweta akatuonyesha mahali, ingawa hapakuwa na alama yoyote. Wenzangu walicheka mpaka Onchari akapaliwa. Tangu siku ile hakuomba tena kiti. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumpigia simu kila Jumamosi, Sabato ikishaisha, kumwambia kwamba kesho tupo.

Kwa nini alikuja, mtu mzima vile, kukaa na watu wa umri wa watoto wake? Moraa alimuuliza siku moja, waziwazi.

"Jumamosi ni ya Mungu," alijibu. "Jumatatu mpaka Ijumaa ni ya majani chai. Jumapili ile nyumba inakaa tu inaniangalia."

Mume wake alikuwa ameshafariki, na watoto walikuwa mbali. Hakuyaongea hayo zaidi ya sentensi moja moja, akiwa tayari ameanza jambo lingine. Alikuwa na kipande cha shamba la chai alichokichuma mwenyewe, na majani aliyapeleka kituo cha kupimia kwa mgongo wake, akikataa kusaidiwa. Lakini chai yenyewe hakuinywa. Kanisa letu la Kisabato lilimfundisha hivyo tangu utotoni, akashika kuliko Kerubo na mimi. Aliletewa maziwa moto matupu, akayanywa huku akitutazama tukimaliza birika, na kama Onchari alisema chai ya leo ni nyepesi, Sista alikuwa wa kwanza kueleza kwamba hayo si majani mawili na kichipukizi, hayo ni majani mazee ya mtu mvivu. Aliyajua kwa rangi na harufu. Aliijua chai kuliko sisi wote, na hakuwahi kuimeza.

Alichukia umbea, tena kwa hasira. Ukianza kusema habari za mtu, alikukatiza: "Yuko hapa ajibu?" Lakini yeye mwenyewe alijua nani amezaa, nani amehama, nani amerudiana na nani, kutoka Nyakoe mpaka Nyamache, na alitueleza yote kwa sauti ya mtu anayesoma kadi ya kliniki. Kwake huo haukuwa umbea, ilikuwa rekodi. Kila asubuhi alisikiliza matangazo ya vifo redioni, na Jumapili alitutajia wale aliowahi kuwahudumia. "Huyu nilimshona goti." "Huyu alizaliwa miguu ikitangulia, angalia, kaishi mpaka juzi." Tulikuwa tukitafuna, naye akitutajia wafu, na hatukuona ajabu.

Macho yake hayakutulia. Alikagua kucha zetu tukinyoosha mkono kuchukua chapati. Mama mjamzito alipopita barabarani, Sista alimfuata kwa macho mpaka akapotea, na mara mbili au tatu aliinuka, akashuka ngazi, akamsimamisha mtu asiyemjua. Tulimwona kwa mbali akiuliza maswali, yule mama akijibu huku amekunja uso, halafu uso ukifunguka. Akirudi chakula chake kilikuwa baridi. Hakuwahi kumaliza sahani. Mwenye hoteli alishajua, akawa anamfungia mabaki kwenye karatasi bila kuambiwa.

Neno lake lilikuwa "leo, si kesho". Alilisema kuhusu jino, kikohozi, paa linalovuja, hata kuhusu barua ya kuomba kazi ambayo Kerubo aliizungushazungusha mwezi mzima. Na ndilo neno alilomwambia Kerubo siku ambayo hatutaisahau. Kerubo alikuwa na mimba ya miezi saba na nusu, anacheka, anakula vizuri, anasema ni kichwa tu kinamgonga kidogo. Sista aliangusha kijiko, akainama kukiokota, akachelewa chini ya meza. Alipoinuka alisema, "Mbona umekanyaga viatu visigino?"

"Vinabana, Sista. Joto tu."

"Unaona nyota nyota?"

Kerubo akaitikia kwa kichwa.

"Inuka, mama. Leo, si kesho. Onchari, washa gari."

Tulimpeleka hospitali matoke yakiwa bado yanatoa mvuke mezani. Presha ilikuwa juu kiasi kwamba daktari hakumruhusu hata kwenda msalani peke yake. Mtoto alitolewa jioni ile ile, mdogo kama paka, na leo ana miaka minne, anakimbia, anapasua vikombe vya watu. Baada ya hapo tulimwona Sista kwa jicho jingine. Kerubo alimletea leso mbili. Onchari, aliyekuwa akimtania, akaanza kumfutia kiti.

Kisa cha kukaa kwake ukingoni alinieleza mimi mara moja, siku wenzetu walipochelewa. Alisema zamani alikuwa zamu peke yake kwenye kituo cha afya kule mbele ya Nyamache. Ilikuwa siku ya soko, mchana, hajala tangu jana. Alimwacha mama mmoja kwenye benchi, uchungu haujakolea, akaingia chumba cha nyuma akakaa kula viazi viwili. Aliporudi yule mama alikuwa amelala upande, damu imefika mlangoni. "Viazi viwili," alisema. "Sikuwa nimemaliza hata cha pili." Niliyabeba maneno hayo wiki nzima. Halafu nikaja kujua kwamba Moraa naye aliwahi kuelezwa kisa hicho hicho, kwa namna nyingine: kwamba Sista hakuondoka kabisa, alikuwa pale pale, mikono yote miwili kazini tangu mwanzo mpaka mwisho, na mama akafa vilevile. Sijui ipi ilitokea. Labda na yeye, kwa kuizungusha miaka yote ile, hakujua tena ni ipi iliyokuwa nzito zaidi. Sikumuuliza. Ningemuuliza saa ngapi, na yeye kila nikifungua mdomo alikuwa anasema anaenda?

Sasa nifike pale nisipopenda kufika.

Onchari alimleta mchumba wake hotelini Jumapili moja, binti mpole wa kutoka upande wa Keroka, amevaa vizuri, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Wazee walikuwa wamepanga kwenda kwao mwezi uliofuata. Tulikuwa tumemwandalia Onchari mazingira: tuliambizana tusimtaje mpenzi wake wa zamani, tusimcheke anavyokula. Hatukufikiria kumwonya Sista. Tungemwonya nini?

Alimsalimu binti kwa Ekegusii, "Bwakire buya," akamuuliza kwao, akamwambia ana mikono mizuri ya kazi. Halafu akamgeukia Onchari, akamvuta kidevu kuelekea kwenye mwanga.

"Macho yako ni ya manjano, baba. Tangu lini?"

"Ni vumbi, Sista."

"Si vumbi. Hilo ni ini. Unakunywa?"

"Sista, tule kwanza."

"Nakuuliza, unakunywa? Maana ini likifika hapo halingoji. Leo, si kesho."

Alisema kwa sauti ile ile aliyomwokolea Kerubo. Ndiyo maana hakuna aliyemkatiza. Binti alikuwa ameshika kikombe, akakiweka chini polepole. Onchari alicheka, lakini hakula tena.

Wiki tatu alihangaika. Alipimwa damu Kisii, akapigwa picha ya tumbo, akapelekwa kwa daktari mwingine, akakonda kwa hofu hadi kweli akaonekana mgonjwa. Alinipigia simu mchana nikiwa darasani, akitaka tu nimwambie chochote. Kwao binti walisikia, maneno kama hayo hayakai, na wakaomba ziara ya wazee isubiri kidogo. Mwishowe majibu yakaja: hana kitu. Ini zima, damu nzima. Daktari alimwambia watu wengine macho yao yana rangi hiyo tangu kuzaliwa.

Jumapili ile alikuja na karatasi ya majibu. Hakuketi. Aliiweka mbele ya Sista, juu ya sahani kabisa. Sista alitoa miwani mkobani, akasoma mstari kwa mstari, akageuza nyuma ambako hakukuwa na kitu, akaikunja mara mbili na kumrudishia.

"Vizuri," akasema. Kisha akamwambia Moraa, "Nipitishie chumvi."

Tulingoja. Nadhani hata watu wa meza ya pili waligundua kwamba tunangoja. Sista alitia chumvi kwenye yai lake, akalikata, hakulila. Onchari akatia karatasi yake mfukoni akaondoka, na tukasikia gari likiondoka kwa kasi.

"Sista," nikamwambia, "ungemwambia hata pole."

"Nimwambie pole kwa kuwa mzima?"

Akaangalia saa yake, akasema anaenda, na safari hiyo akaenda.

Sitaki kusema kwamba tulikaa tukaamua. Hatukuamua. Moraa aliandika kwenye simu, kwenye kundi letu sisi wanne, kwamba mjini Kisii pamefunguliwa mahali pazuri, ghorofani, viti laini, tujaribu Jumapili hii. Onchari akajibu ndiyo. Kerubo akachelewa kujibu, halafu naye akasema ndiyo. Mimi nikaweka kidole gumba. Sista hakuwa kwenye kundi. Simu yake ilikuwa ya vitufe. Jumamosi hiyo jua lilizama, nikashika simu, nikaiweka. Nilijiambia nitampigia kesho asubuhi. Asubuhi nilijiambia amezeeka, atapumzika.

Saa tano na nusu, tukiwa kwenye viti laini, jina lake likatokea kwenye simu yangu. Niliigeuza uso chini. Ilitetemeka juu ya meza mpaka ikanyamaza, na wenzangu watatu wakatazama menyu. Jumapili ya pili akapiga tena. Ya tatu akapiga mara mbili. Ya nne hakupiga, na ndiyo iliyonikosesha raha kuliko zote.

Miezi kadhaa baadaye nilikutana na mwenye hoteli sokoni, anachagua ndizi. Alinisalimu bila kinyongo, nikamuuliza kwa kuzungukazunguka kama Sista bado anafika.

"Alikuwa anakuja," akasema. "Anakaa meza yenu. Wateja wakitaka viti, mimi nataka kutoa, yeye anakataa. Ananiambia wako njiani. Mpaka saa nane, mwalimu. Halafu akaacha kuja." Akageuza mkungu mwingine kuangalia chini. "Nyinyi mko salama lakini?"

Nikamwambia tuko salama. Nilimpigia Sista jioni ile, simu haikupatikana. Ningeweza kwenda kwake Magwagwa, ninakujua, si mbali na shule yetu. Kila Jumapili nilipanga kwenda, na kila Jumapili saa tano ilinikuta ghorofani, nikizungusha kijiko kwenye kikombe, nikiangalia ngazi. Chakula cha pale ni kizuri. Hatukuwahi kucheka pale kama tulivyocheka Nyakoe, na kila mmoja alianza kuwa na sababu ya kuondoka mapema. Onchari na mchumba wake waliendelea vizuri, wazee walienda hatimaye, lakini mezani hata Onchari alikuwa haongei sana. Mwaka ukapita na zaidi.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi jana. Tulikuwa wote wanne, chakula kimeshaletwa, nilipoona sweta la kijivu likipanda ngazi. Alipanda taratibu, amemshika mkono mama mwingine wa rika lake, mnene, mwenye mwavuli. Alituona kabla hatujapata namna ya kutomwona. Akaja moja kwa moja kwenye meza yetu, akatusalimu mmoja mmoja kwa mkono. Alimuuliza Kerubo habari za mtoto, kwa jina. Alimuuliza Moraa kama friji ya dawa dukani kwake ilipona. Alimuuliza Onchari kama mke wake hajambo. Aliniuliza mimi kuhusu mama yangu. Sauti zetu zilikuwa ndogo kama za watoto walioitwa ofisini.

Halafu akamgeukia mwenzake.

"Hawa ndio marafiki zangu wa Jumapili."

Yule mama akafurahi kweli. "Kumbe ndio hawa? Lakini si uliniambia walihamishwa kikazi? Wote wanne?" Akatugeukia sisi. "Tulikuwa naye kazini Nyamache miaka ile. Ananisimulia habari zenu kila siku. Alisema serikali haina huruma, imewachukua wote mara moja."

Sista hakubadilika uso. Alikuwa akitazama dirishani. Nikaelewa kwamba alikuwa amekaa na aibu yetu mwaka mzima, ameivalisha vizuri, amewaonyesha watu.

Onchari akaweka uma chini.

"Tumerudi, Sista," akasema.

Sista akamgeukia. "Mmerudi lini?"

"Leo."

Sista akamtazama. Sikujua kama atamtukana au atamkumbatia. Vyote viwili vingefaa.

"Basi mmechoka na safari," akasema. "Kuleni, kinapoa."

Akamwongoza mwenzake mpaka meza ya dirishani, wakaketi. Hatukula. Kerubo alikuwa akilia bila sauti, anajifuta kwa karatasi ya meza. Moraa alisema tumwache apumzike, tutaenda kwake wiki ijayo, tutapeleka kitu. Nilimsikia, na nikajua hiyo wiki ijayo ninaijua vizuri. Nikasimama, nikanyanyua kiti changu, kizito kile, nikakibeba katikati ya meza za watu huku kinanigonga miguu, nikakiweka kando ya meza yao.

Sista hakuniangalia. Aliendelea kumweleza mwenzake kitu kuhusu mbolea ya mwaka huu. Lakini mkono wake ulisogeza mwavuli uliokuwa umelala mahali ambapo mikono yangu ingekaa.

Yule mama alinisogezea sahani yao, akaniuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua kweli, nilikuwa nimehamishiwa wapi muda wote huo. Nilifungua mdomo. Nilikuwa tayari kusema ukweli, nadhani.

"Mbali," Sista akamjibia. "Mwache ale kwanza."